Gati Lilipokwisha, Mfuko Ulikonda

Salma na Haji, wajukuu wa dada yangu, na kwa hiyo wajukuu zangu,

Juzi mlinipigia simu kutoka huko kazini kwenu Unguja mkaniuliza swali lililonifurahisha kuliko zawadi. Mlisema: Bibi, wewe uliyefanya kazi ya bima ya matibabu Ngazija na Nzuani, hebu tueleze, mbona mfuko wetu unakonda, na watu wanaumwa vile vile kama zamani? Haji akaongeza kuwa mkuu wenu anasema dawa zimepanda bei. Huenda zimepanda. Lakini mimi ningekuwa ninyi ningeiacha ile kompyuta kwanza, nikatoka, nikaenda kusimama mbele ya milango ya mahoteli na viwanda asubuhi, nione wanaoingia ni wengi au wachache.

Hilo sikulizua mimi. Nilifundishwa na mkubwa wangu wa kwanza pale Moroni, Monye Nurdini. Monye ni neno la heshima la Kingazija, kama mnavyosema Bwana. Alikuwa mtu wa Mvouni, kule juu penye baridi, na kila siku aliteremka mjini na koti zito ambalo akifika Moroni linamtoa jasho, naye halivui.

Nilifika Moroni msichana, nina Kiswahili kingi na Kifaransa cha kuombea maji. Mamluki, wale askari wa kizungu wa kukodiwa, walikuwa wamekwisha kuingia, mwaka sabini na nane, wakamrudisha rais wa zamani. Serikali waliyoiangusha ilikuwa imewapeleka makarani majumbani kwao, na sasa makarani wakaitwa tena kwenye meza zao. Ninyi mtasoma habari hizo kwa upande wa bunduki na magari ya kijeshi. Sisi wa mfuko tuliziona kwa upande wetu: makarani walirudi kazini, makato ya mishahara yakarudi, na mfuko wa matibabu uliokuwa umelala ukaamka. Ukahitaji watu, nami nikawa mmoja wao. Nasema hivi wala siwasifu wenye bunduki. Nasema tu kwamba ajira yangu ililetwa na ajira za wengine, na ndivyo ilivyo kazi hii mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa kutembelea wagonjwa. Mwanachama akituma habari kuwa anaumwa, mimi ndiye ninayekwenda kumwona, nijue anaumwa kweli, anahitaji nini, na kama kuna wa kumpikia uji. Asubuhi ya kwanza nilidhani Monye Nurdini atanipeleka hospitali. Akanipeleka bandari ya zamani. Meli kubwa zilikuwa zimetia nanga mbali, mizigo inaletwa kwa mashua, na msimamizi anaita wapagazi kwa majina. Tukasimama mpaka jua likawa kali.

"Tunamngoja nani, Monye?" nikauliza.

"Hatumngoji mtu. Tazama ule ukuta."

Pale ukutani walikaa wanaume ambao majina yao hayakuitwa.

"Wanaobeba wanatuchangia," akasema. "Waliokaa walikuwa wakituchangia. Ukiwaona wanaokaa wanazidi, usingoje hesabu za mwisho wa mwezi. Njoo uniambie siku hiyo hiyo."

Basi ikawa mazoea yangu. Kabla ya kwenda kwa wagonjwa, napita ukutani.

Mambo mengine ilinibidi niyajifunze kwa kuchekwa. Siku moja nilitumwa Vouvouni kumwona dereva aliyesema ana homa kali. Nikabisha hodi, mkewe akaniambia hayupo. Nikarudi na hasira ya mtu mpya kazini, nikamwambia Monye Nurdini kuwa dereva ni mwongo. Akacheka mpaka akashika kifua.

"Binti, hapa Ngazija nyumba ni ya mke. Mwanamume akiumwa sana huenda kuumwa kwa mama yake. Yuko Mvouni, jirani yangu, nimesikia akikohoa jana."

Nikapanda Mvouni. Mama wa dereva alipoona msichana mgeni aliyevaa vizuri anamuulizia mwanawe, akadhani ameletewa mke wa pili. Akanikalisha, akanipa chai, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na kama najua kupika mataba, yale majani ya muhogo kwa nazi. Mgonjwa yuko kitandani anatetemeka na malaria, anajaribu kumweleza mama yake kuwa mimi ni wa mfuko, na mama anamwambia anyamaze, wakubwa wanazungumza. Tangu siku hiyo kila nikitafuta mgonjwa mwanamume nilianza na mama yake. Kagueni kadi zenu mtakavyo, lakini jueni pia watu wenu huugulia wapi.

Baada ya miaka michache nikapelekwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani. Huko gati jipya lilikuwa linajengwa, ili meli kubwa zifike ukingoni. Ilikuwa kazi ambayo Nzuani haijawahi kuiona. Wavunja mawe, madereva, mafundi chuma, wapishi wa kambi, walinzi, wote walikuwa na mshahara, na kampuni ilikubali kuwakatia mchango wa mfuko wetu. Nikapanga chumba kwa Eshata, mshona kofia, mwanamke mwembamba asiyeongea bila sababu. Mumewe, Attumani, alikuwa msimamizi wa wavunja mawe. Huyo aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Attumani alinitania kila jioni. "Bweni," ananiita hivyo, ndiyo heshima yao kwa mwanamke, "mimi sijaumwa tangu nitahiriwe. Mwaka ukiisha utanirudishia changu?"

"Hakirudi, Attumani. Kimemtibu mwenzako."

"Basi mwambie mwenzangu aje anisalimie."

Nami nikamleta. Kulikuwa na kijana wa mashine ya kuchanganya zege aliyevunjika mguu, mfuko ukamlipia mpaka akatembea. Nikamwambia aje kumsalimia Attumani, naye akaja na kikapu cha mayai. Attumani alikula mayai yale siku nzima akiwahadithia watu kuwa yeye ndiye aliyeutengeneza ule mguu.

Jamani, ile miaka ya gati. Wanachama wetu walikuwa vijana wenye nguvu, wanachangia wengi wanatibiwa wachache, na ule mchango wao ndio uliokuwa ukiwatibu makarani wazee wa Moroni wenye sukari na presha. Mfuko ulinenepa, tukaweza kumleta daktari wa meno kutoka Moroni kila baada ya muda. Mimi jioni napita vichochoro vya mji wa kale, vyembamba mpaka wanawake wawili waliojitanda shiromani, zile shuka zao nyekundu, wakikutana lazima mmoja aegemee ukuta, na kila mlango naitwa ninywe chai. Nilidhani hali itabaki hivyo. Kijana akiwa kwenye neema hudhani neema ni hali ya hewa ya pale.

Dalili ya kwanza haikuwa watu kukaa ukutani. Ilikuwa meno. Asubuhi moja nilikuta foleni mlangoni mwangu, na kila mtu jino linamuuma. Wiki ile ile wengine wakakumbuka macho yao, wakataka miwani. Wengine wakaleta watoto watahiriwe, wengine wakataka kupasuliwa uvimbe walioishi nao tangu ujana. Nikamwandikia Monye Nurdini kuwa labda maji ya Mutsamudu yameingia uchafu. Jibu lake lilikuwa fupi: nenda gatini, uliza kazi imebaki kiasi gani.

Nikaenda. Kazi ilikuwa inakwisha. Wageni wa ile kampuni walikuwa wameanza kufunga mashine zao, na wafanyakazi walijua kabla yangu. Kila mtu alitaka kutibiwa angali ana kadi. Hilo likamateni vizuri, ninyi mnaotazama tarakimu: watu wakitibiwa kwa wingi ghafla, msikimbilie kusema kuna maradhi au kuna wizi. Ulizeni kwanza kama wanaogopa kuachishwa.

Na kuna wanaofanya kinyume. Attumani hakuja kwenye foleni. Eshata ndiye aliyeniambia, akiwa ameinamia kofia yake.

"Ana ngiri. Tangu mwaka jana. Anaifunga kitambaa."

"Mbona hajasema? Mfuko ungemlipia apasuliwe."

"Anasema atakayelala hospitali ndiye wa kwanza kuachishwa."

Nikazungumza na Attumani mwenyewe. Akanijibu kwa mzaha, mzaha ulipokataliwa akanijibu kwa ukali, akasema mimi ni mpangaji na si mama yake. Baada ya muda mfupi kazi ikafungwa, akaachishwa pamoja na wenzake wote. Kadi zao zikafa siku moja na ajira zao.

Mlango wangu ukawa kimya. Watu wanadhani mfuko hufurahi wagonjwa wasipokuja. Mimi nilikuwa nawaona wagonjwa wangu vichochoroni, wananisalimia kwa haraka na kupita, kama kwamba kuumwa bila kadi ni aibu. Waliobaki kwangu walikuwa makarani na walimu wachache, wengi wao watu wazima wenye maradhi ya kudumu. Moroni wakaamua kupandisha mchango ili mfuko usife. Ulipopanda, wale wachache waliokuwa wazima wakaona hauwafai, wakatoka. Wakatoka wazima wakabaki wagonjwa, ikabidi upandishwe tena. Huko ndiko kukonda mnakoniuliza.

Nikapanda ndege ndogo pale Ouani nikaenda Moroni kumwomba Monye Nurdini tuwaruhusu walioachishwa wachangie wenyewe. Alikuwa amevaa lile lile koti. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu muungwana.

"Binti, mfuko huu una mguu mmoja, nao ni mshahara. Mtu asiye na mshahara atachangia mwezi huu, mwezi ujao atashindwa, wa tatu ataumwa. Nakuonea huruma wewe na wao. Lakini kamati haitakubali, na mimi nisingekubali."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama ule ukuta, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Niliporudi Mutsamudu nilimweleza Eshata. Akashona kidogo, kisha akasema, "Sisi wanawake wa uchochoro huu tunacheza upatu. Wanaume wameachishwa, lakini upatu haujasimama hata mara moja. Kofia zinauzwa, maandazi yanauzwa. Tuseme kila zamu tuweke kando kidogo kwa ajili ya wagonjwa. Wewe utufundishe sheria zenu."

Nikawafundisha. Mchango kwa kila nyumba, iwe ina mwenye kazi au haina. Na sheria kubwa kuliko zote: anayeingia hatibiwi mpaka miezi mitatu ipite, la sivyo watu watangoja waumwe ndipo waingie, na mfuko utakufa mchanga. Wakaikubali.

Tulikutana sebuleni kwa Eshata, wanawake watupu. Wanaume wasingeweza. Walioachishwa walikuwa wamekusanyika mara moja mbele ya gati wakatawanywa, na tangu hapo wanaume wengi wasio na kazi mahali pamoja ilikuwa jambo la kuletea gari la askari. Hata sisi tuliletewa. Gari likabaki nje ya mji wa kale kwa sababu vichochoro havipitiki, akaja kwa miguu mzungu mmoja wa wale mamluki, mwenye sare nyeusi, na askari kijana wa hapa hapa Nzuani wa kumtafsiria. Mzungu akasimama mlangoni, anatuangalia tulivyojaa mikekani.

"Anauliza huu ni mkutano wa nini," askari akasema.

Nilitaka kujibu, Eshata akanishika goti. Akamweleza yule kijana kwa lugha yao, polepole, kila kitu: upatu, wagonjwa, wanaume walioachishwa. Nilikuwa nahesabu moyoni ni nani atachukuliwa kwanza. Kijana akamgeukia mzungu, akamwambia kwa Kifaransa maneno machache tu. Kifaransa changu kilikuwa kimekua. Alimwambia: wanapanga harusi.

Mzungu alikuwa amekaa visiwani vya kutosha kujua kuwa harusi zetu hupangwa miaka. Akatikisa kichwa kwa uchovu, akaondoka. Kijana akachelewa nyuma, kama anayefunga kiatu.

"Mama yangu anakaa karibu na kisima," akasema bila kutuangalia. "Mimi nina kazi, yeye hana. Anaweza kuingia?"

"Mwambie aje zamu ijayo," Eshata akasema.

Kabla miezi mitatu haijapita, ngiri ya Attumani ikajikaza. Nilisikia mtu analia chumba cha pili, na sikuamini kuwa ni yeye. Vijana wakambeba kwa kitanda kupita vichochoroni mpaka hospitali. Daktari akasema lazima apasuliwe leo, na familia ilete nyuzi, maji ya mshipani na dawa, maana siku zile hospitali ilikuwa na visu na daktari, vingine vyote vinatoka kwako.

Nikamvuta Eshata kando. Nikamwambia mfuko wa uchochoro una akiba ya kutosha, nami nitawaeleza wenzetu, hakuna atakayekataa. Yeye ndiye aliyeuanzisha.

"Miezi mitatu imepita?" akaniuliza.

"Haijapita. Lakini hii sheria nimeileta mimi, na mimi nasema tuiache leo."

"Ukiiacha kwa mume wangu, kesho utaiacha kwa mume wa nani?" Nami nilijua alivyompenda yule mtu na makelele yake. "Hawa wanawake wanatoa kwenye maandazi. Wakisikia Eshata amekuwa wa kwanza kuchukua, zamu ijayo nitakaa peke yangu mkekani. Kaa na Attumani. Mimi narudi sasa hivi."

Akaenda kwa sonara. Aliporudi na dawa, mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Bangili ya dhahabu aliyovalishwa siku ya ndoa, ambayo alishona nayo, akapika nayo na kulala nayo, haikuwepo. Attumani alikuwa anaingizwa ndani kupasuliwa, akauona ule mkono.

Alipona. Mwezi mzima alikaa mlangoni kwa Eshata hawezi kubeba hata ndoo, na kila anayepita anamsimulia habari ya bangili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeijaza sebule yetu. Zamu iliyofuata mikeka haikutosha. Wanawake wa mitaa mingine wakaja kuuliza sheria, na Attumani, alipopata nguvu, akawa mkusanyaji wa michango, anabisha hodi kwa fujo kiasi kwamba watu walilipa ili aondoke. Bangili haikupatikana tena. Nilimwuliza Eshata miaka mingi baadaye kama huikumbuka. Akasema mkono umekuwa mwepesi, anashona haraka.

Mamluki wakaja kuondoka, wakaacha nyuma wapishi, madobi na madereva waliokuwa wakiwalipa. Pale Moroni serikali ikakawiza mishahara miezi na miezi. Makato yakawa yanaandikwa bila fedha kuonekana, na mwisho mfuko wetu mkubwa ukafunga mlango. Mshahara wangu nao ukakatika. Nikabaki Mutsamudu na wanawake wa vichochoro, ambao walikuwa wakinipa posho ndogo, na sikumbuki wakati niliofanya kazi kwa furaha zaidi.

Siku moja ya zamu, tumekaa, nikasikia mtu anakohoa mlangoni kwa adabu. Alikuwa Monye Nurdini, amezeeka, amekonda, amevaa koti. Nikasimama kumpokea. Akawasalimia wanawake wote, akabaki kizingitini.

"Nimekuja kwa mwanangu aliyeoa huku," akasema. "Kifua kinanisumbua, na nadhani nitakaa. Nimesikia habari zenu. Mna nafasi ya mtu asiye na mshahara?"

Eshata ndiye aliyejibu, sindano haijasimama.

"Hapa hatuulizi mtu anafanya kazi wapi, Monye. Tunauliza analala wapi."

"Kwa wakwe wa mwanangu, nyuma ya msikiti wa Ijumaa."

"Basi wewe ni wa uchochoro wetu. Ila utangoja miezi mitatu."

Monye Nurdini akanitazama, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kushika kifua, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kisha akalivua lile koti, akalikunja vizuri juu ya mkono, akavua viatu na kuingia.